Wimbo wa Uji Uliouza Matone

Fyuu. Fyuu. Fyuu.

Bado ilikuwa giza. Priscille alifungua macho akasikiliza. Ilikuwa pampu ya baiskeli, pale kwenye korido. Mume wake, Apollinaire, alikuwa anajaza upepo gurudumu la nyuma. Alipampu polepole ili asimwamshe mtoto. Lakini mtoto, Précieuse, msichana wa miaka mitano, alikuwa ameshaamka. Alilala chali, akihesabu kila pumzi ya pampu kwa sauti ndogo. Alipofika kumi na mbili alipotea njia, akaanza tena moja.

Apollinaire ni mtu wa toleka. Hapa Kisangani toleka ni baiskeli inayobeba watu. Yeye hubeba watu na mizigo kutoka bandarini hadi sokoni, na kutoka sokoni hadi mitaa ya Kabondo. Priscille hubaki nyumbani, akitwanga ndizi na kuuza lituma, yaani ndizi zilizopondwa, ya moto mbele ya mlango. Lakini kila Jumatano hafanyi biashara. Anafunga kitambaa safi kichwani na kwenda kituo cha afya cha mtaa, kusaidia siku ya kupima watoto kilo.

Priscille hakumaliza shule akiwa mdogo. Alijifunza kusoma kwenye darasa la jioni, na mtoto mgongoni. Hapo aliona jambo moja. Ukimwambia mama mafundisho, akifika nyumbani amesahau nusu. Ukimwimbia, anarudi nayo yote.

Kwa hiyo alitunga wimbo wa uji. Ulisema: saga karanga, saga ndakala, samaki wadogo wakavu, changanya na unga wa mahindi, koroga mpaka ulainike. Katikati ya wimbo, sauti ya Précieuse ilisikika ikisema, "Mama, ongeza!" Ni kwamba mtoto aliupenda uji, akataka kijiko kingine. Wamama walicheka kila walipofika pale.

Wimbo ulirekodiwa na jirani yao, yaya Sandrine, kama hapa tunavyomwita dada mkubwa. Huyu Sandrine ni fundi wa sauti kwenye redio ndogo ya mtaa. Alikaa na mashine yake siku mbili, kisha akatoa nakala tatu. Moja ilibaki redioni. Moja alipewa nesi mkuu wa kituo, papa Ezéchiel. Ya tatu aliweka kwenye simu ya Apollinaire, kwa sababu simu ya Priscille ilikuwa ndogo, ya vitufe, haiwezi kushika wimbo. Sandrine alisema kwamba kila nakala ina alama yake ndani, na kwamba isipite mkono kwa mkono. Priscille aliitikia ndiyo. Kwa kweli hakuelewa. Alifikiri ni maneno ya mafundi tu.

Miezi miwili ilipita. Siku moja, Jumanne, Priscille alikuwa anatwanga. Akasikia wimbo wake ukija kutoka barabara kubwa. Alitabasamu. Alifikiri kuna mtu amefungua redio.

Sauti ikakaribia. Wimbo ulikuwa unakimbia kidogo kuliko ulivyoimbwa, na ngoma zilikuwa zimewekwa chini yake. Mwanaume mmoja alikuwa anasukuma baiskeli, kipaza sauti kimefungwa mbele, katoni imefungwa nyuma. Kisha Priscille akasikia sauti ya mtoto wake, kubwa kuliko paa za nyumba.

"Mama, ongeza!"

Mara hiyo sauti ya mwanaume ikaingia ndani ya wimbo. Ilisema: "Umesikia? Mutoto mwenyewe anaomba. Matone ya Nona Haraka. Mutoto amekonda? Ongeza tone. Hajanona? Ongeza tone ingine."

Mchi wa Priscille ulibaki hewani. Hakuushusha. Baiskeli ilipita, na watoto wa mtaa waliifuata wakiimba. Précieuse alitoka nyuma ya nyumba akiwa na matope mikononi. Alimwangalia mama yake, akaangalia baiskeli, akauliza aliingia lini katika lile sanduku.

Priscille aliuacha mchi. Alikimbia mpaka kona. Alipofika, yule mtu alikuwa amezama katikati ya watu.

Asubuhi yake ilikuwa Jumatano. Priscille alifika kituoni mapema, akitaka kumweleza papa Ezéchiel jambo alilolisikia. Hakupata nafasi. Mama mmoja aliyeitwa Emilie aliingia mbio na mtoto mikononi. Mtoto, Basile, alikuwa na miezi kumi. Kichwa chake kilianguka nyuma kama cha mwanasesere wa nguo.

Papa Ezéchiel alimlaza mezani. Alimwita jina. Alimfinya kisigino, mara moja, mara mbili. Mtoto alikunja uso kidogo tu, kisha akarudi katika usingizi wake. Nesi aliuliza mtoto alikula nini. Emilie alitoa chupa ndogo ya kahawia kwenye kitambaa cha kiunoni. Alisema alimpa matone matatu, halafu matano, halafu jana jioni kumi, kwa sababu mtoto alikuwa bado hajanona.

"Nani alikuambia uongeze?" papa Ezéchiel aliuliza.

Emilie aliinua mkono, akamwonyesha Priscille.

"Ni yeye. Ni yeye njo aliimba. Na mutoto wake akasema ongeza. Siye tukajua dawa iko ya kituo."

Wamama waliokuwa wanangoja mizani walimgeukia Priscille. Alikuwa anamwona Basile mezani, na katika kichwa chake alikuwa anasikia sauti ya mtoto wake mwenyewe.

Basile alipelekwa hospitali kuu kwa pikipiki, nesi mmoja akimshika. Kisha papa Ezéchiel alimwita Priscille pembeni. Hakumpigia kelele, na hilo lilimuumiza zaidi. Alisema anamjua, na hafikiri kwamba aliuza sauti yake. Ila mtaani kuna chupa nyingi, na wamama wanazinunua kwa sababu ya wimbo ule. Kama wimbo ni wa Priscille, basi lazima ajulishe watu wote kwamba umeibwa. Na lazima awe na ushahidi, kwa sababu muuzaji atasema ni wake. Mpaka siku hiyo, ni bora akae nyumbani.

Priscille alirudi akilia. Apollinaire alipoingia mchana na kusikia habari, alitupa kofia chini.

"Mimi namujua mwenye alifanya hivi," alisema. "Iko Ezéchiel. Wimbo ulikuwa na nani? Na redio, na sisi, na yeye. Redio haiuze matone. Sisi hatuuze matone. Alors? Baki nani? Mwenye iko na dawa."

Priscille alimwomba anyamaze. Hakunyamaza. Jioni hiyo alisema vilevile kwa wenzake wa toleka, na wenzake walisema kwa abiria. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unasema kwamba nesi mkuu anauza matone kwa siri.

Alhamisi mchana habari njema ilikuja. Basile alikuwa amefungua macho na kunyonya. Priscille alikaa chini mlangoni, akaacha machozi yatoke. Kisha alisimama, akaenda kwa Sandrine.

Sandrine alimsikiliza mpaka mwisho. Hakushangaa kuhusu wizi. Alishangaa kuhusu mtoto, akauliza mara mbili kama kweli amezinduka. Kisha akauliza kama kuna mtu mwenye wimbo ule wa matone kwenye simu, wimbo wenyewe, si ule wa kusikia barabarani.

Alikuwepo. Muuzaji alikuwa anawatumia wateja tangazo lake kwenye simu ili wawapelekee wengine. Emilie alikuwa nalo. Alikubali kulitoa bila kuombwa mara ya pili.

Wakakaa katika chumba cha Sandrine, watu watatu: Sandrine, Priscille na Apollinaire. Betri ya gari ilikuwa inawasha kompyuta. Sandrine alifungua nyimbo mbili pamoja, ule wa kwanza alioutengeneza yeye na ule wa matone. Kwenye kioo zilionekana kama milima midogo, mistari miwili ya milima, mmoja juu na mwingine chini.

"Mlipochukua karte ya kura, waliwaambia muweke kidole kwenye mashine," alisema Sandrine. "Kwa nini?"

Apollinaire alisema ni kwa sababu hakuna watu wawili wenye kidole kimoja.

"Bon. Sauti pia iko na kidole chake. Kompyuta inaangalia wimbo: wapi sauti inapanda, wapi inashuka, wapi mwimbaji anapumua. Inachora alama ya kidole ya sauti. Mutu anaweza kubadilisha jina la wimbo. Anaweza kutia ngoma. Anaweza kuukimbiza. Kidole kinabaki."

Alibonyeza kitufe. Milima ya chini ikajivuta taratibu mpaka ikawa na mwendo mmoja na ile ya juu. Kisha akaonyesha mahali pamoja. Pale Priscille alikuwa amekohoa kidogo kabla ya kuanza ubeti wa tatu. Kikohozi kilikuwa juu, na kikohozi kilikuwa chini, mahali palepale. Priscille alijifunika mdomo. Alikuwa amesahau kwamba alikohoa.

Basi, alisema Apollinaire, tumemaliza. Wimbo ni wetu, na mwizi ni Ezéchiel.

Sandrine alimwomba angoje. Alisema kidole kinaonyesha kwamba wimbo ni uleule. Hakionyeshi ulitoka katika mkono gani. Kwa jambo hilo kuna kitu kingine. Alitoa noti mfukoni, akaiinua mbele ya taa. Ndani ya karatasi ilionekana picha ambayo haikuonekana noti ilipokuwa mezani.

"Hii picha haikupakwa juu," alisema. "Iko ndani ya karatasi. Mimi pia ninaweka alama ndani ya sauti. Alama fiche. Sikio haliisikie. Kompyuta inaisoma. Na kila nakala ninaipa alama yake. Redio, namba moja. Kituo cha afya, namba mbili. Nyumba yenu, namba tatu."

Priscille alikumbuka siku ile alipoitikia ndiyo bila kuelewa. Aliuliza kama alama hiyo haipotei. Sandrine hakumdanganya. Alisema inaweza kupotea. Mtu akikata wimbo vipande vidogo sana, au akirekodi kutoka kwenye kipaza sauti barabarani, mara nyingine haisomeki tena. Na hata ikisomeka, haizuii mkono wa mwizi. Inasema tu wimbo ulitokea mlango gani. Ndiyo maana lazima pia kuweka wimbo wa kwanza mzima, na tarehe yake, na mtu wa kushuhudia.

Kisha aliacha kusema, akaifanyisha kompyuta kazi.

Ilichukua muda. Apollinaire alisimama na mikono kiunoni, akimwambia mke wake sasa ataona namba mbili, ya kituo. Atakwenda na karatasi hiyo kituoni, ataisoma mbele ya wamama wote.

Kioo kiliandika tarakimu moja tu. Tatu.

Sandrine alirudia kazi tangu mwanzo, mara nyingine, kwa subira. Tatu.

Priscille alimgeukia mume wake. Katika miaka saba ya ndoa hakuwahi kumwangalia hivyo, kama mtu anayeona mgeni ameketi kwenye kiti chake.

"Papa Précieuse," alisema. "Tatu iko nyumba yetu."

Apollinaire alitaka kukataa. Alitoa simu yake akaiangalia, kana kwamba simu itamjibia. Kisha alikaa chini sakafuni, mtu mzima yule, mgongo ukutani, akaanza kueleza.

Alisema kwamba anaposukuma baiskeli huufungua wimbo wa mke wake. Abiria wanaupenda. Wanauliza nani anaimba, naye anasema ni mke wangu, na ule mtoto ni wangu. Siku moja alimbeba mtu kutoka bandarini, mtu mwenye katoni aliyeshuka na boti ya Isangi. Mtu huyo alicheka pale mtoto anaposema ongeza. Alisema wimbo kama huu hajausikia hata mjini. Alimwomba. Na Apollinaire alisimama chini ya kivuli cha duka, akamtumia, simu kwa simu. Hakupewa chochote. Hakutaka chochote.

"Nilijisikia muzuri," alisema. "Ni hivyo tu. Nilijisikia muzuri."

Priscille alikuwa na hasira, na huruma, na hakujua ipi itangulie. Sandrine ndiye aliyesema. Alisema alama inaonyesha njia, haionyeshi moyo. Apollinaire si mwizi. Mwizi ni yule aliyechukua wimbo wa uji akaufanya wa matone bila kumuuliza mwenyewe. Lakini mlango ulioachwa wazi ulikuwa wa Apollinaire. Na kuna mtu ambaye jina lake limechafuliwa bure.

Apollinaire alijua. Aliondoka usiku haujaingia, akaenda peke yake kwa papa Ezéchiel. Yaliyosemwa huko hakuyaeleza yote. Alisema tu kwamba nesi alimwacha asimame mlangoni muda mrefu, kisha akamwambia kwamba aliyoyasema kwa wenzake wa toleka ayafute kwa wenzake wa toleka, mmoja baada ya mwingine. Na Apollinaire alifanya hivyo. Walimcheka. Walimwita namba tatu, na mpaka leo wengine bado wanamwita hivyo.

Jumamosi walikutana kwa chef, mkuu wa mtaa. Muuzaji aliitwa. Jina lake lilikuwa Rolly, kijana msafi mwenye shati lililopigwa pasi. Alikuja bila woga. Alisema wimbo aliimba dada yake kule Isangi, na kwamba sauti za wanawake zinafanana.

Chef alimwomba Sandrine aonyeshe. Sandrine alifungua nyimbo mbili. Alionyesha milima. Alisikilizisha kikohozi, kwanza cha juu, kisha cha chini. Alifungua pia wimbo wa kwanza mzima, ambao haukutoka kwenye mashine yake hata siku moja. Mwanzoni mwake kuna maneno ambayo hayakuwekwa katika nakala yoyote: Priscille anamwambia Précieuse aache kuchezea waya, na Précieuse anauliza kama uji upo kweli au ni wa kuimba tu. Watu walicheka. Rolly hakucheka.

Chef alimuuliza swali moja. "Dada yako alikohoa pia mahali palepale?"

Rolly aliangalia viatu vyake. Alisema basi, labda alikosea faili. Kisha akasema yeye hakujua kwamba kuna mtu anamiliki sauti ya uji. Alifikiri kitu kikiwa kwenye simu ni cha wote.

Papa Ezéchiel aliweka chupa ya kahawia mezani. Alieleza, kwa maneno machache, habari ya Basile. Alisema daktari wa hospitali anafikiri ndani kuna dawa ya kulaza watu wakubwa, na chupa nyingine imepelekwa kupimwa. Rolly alitokwa na jasho. Alisema alinunua katoni hivyohivyo, hakujua kilichomo. Labda ilikuwa kweli. Lakini alikuwa amesema ongeza, na kwa kusema alitumia mdomo wa mtoto.

Chef alichukua katoni, akaandika barua kwa ofisi ya afya. Halafu alitoa agizo ambalo watu walilizungumza wiki nzima. Kwa siku saba, Rolly apite njia zilezile, na baiskeli ileile, na kipaza sauti kilekile. Aseme kwa sauti yake mwenyewe kwamba wimbo ni wa mama Priscille, kwamba aliuchukua bila ruhusa, na kwamba kila mwenye chupa aipeleke kituoni.

Alipita. Siku ya kwanza watoto walimzomea. Siku ya tatu wamama walitoka na chupa zao. Papa Ezéchiel alihesabu chupa thelathini na nne kwenye beseni, na kwa kila aliyoipokea alitikisa kichwa, akifikiri mtoto gani alikuwa anafuata.

Priscille alirudi kazini Jumatano. Emilie alikuwa wa kwanza kwenye mstari, na Basile akivuta kamba ya mizani. Emilie alimpa Priscille mtoto amshike, akaenda kutafuta kitabu chake cha kilo, ingawa kitabu kilikuwa mkononi.

Mambo yalibadilika nyumbani pia. Priscille aliandika maneno ya nyimbo zake zote katika daftari, na tarehe, na Sandrine akatia sahihi kama shahidi. Sandrine alimwambia pia kwamba iko ofisi ya serikali inayoandikisha kazi za watunzi, na kwamba watakwenda pamoja. Wimbo wa kwanza mzima sasa uko mahali pawili, redioni na kwenye kadi ndogo ambayo Priscille anaiweka pamoja na karatasi za kuzaliwa kwa mtoto. Kila anayepewa nakala ana namba yake, na anaijua. Mtu akiuomba wimbo njiani, Apollinaire anasema ngoja nimuulize mwenyewe. Wengine wanakasirika. Wengi wanangoja.

Ilibaki kurekodi wimbo upya. Wimbo wa zamani ulikuwa umeshagusa matone, na Priscille hakutaka wamama waukumbuke hivyo. Sandrine aliandaa kipaza sauti chumbani kwake, akafunga dirisha, akainua kidole kimoja kuonyesha wako tayari.

Priscille hakuanza. Jambo moja lilikuwa linamchoma moyo tangu siku ya mchi. Alikuwa amelia kwamba Rolly hakumuuliza. Lakini yeye mwenyewe, siku ile ya kwanza, hakuuliza mtu.

Alipiga magoti mbele ya Précieuse. Alimwambia kwamba sauti yake ni yake. Kama hataki iingie katika wimbo, haitaingia, na mama hatakasirika. Kama anataka, achague mwenyewe neno la kusema.

Précieuse alifikiri. Alimwangalia Sandrine, akaangalia taa nyekundu ya mashine, akavuta gauni lake likanyooka. Kisha alisogea karibu na kipaza sauti, akasema polepole:

"Jina yangu ni Précieuse, na hii iko sauti yangu."